Fisi Niliyemfinyanga Kumuumbua Elia

Jamani, leo nimejiaibisha kwa mikono yangu mwenyewe. Mkono huu ninaoandikia bado una udongo.

Mnanijua, mimi ni mfinyanzi wa hapa Issuna. Mitungi yangu ina watu: mama anatwanga, mlevi kalala, Sungura na Fisi wa hadithi za bibi. Na mnamjua Elia, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyeninyang'anya shamba la alizeti hata matanga hayajaisha. (Ndiyo, namtaja. Elia. Asome.) Nimelia kwa balozi wa nyumba kumi, nimelia kanisani. Wote jibu moja: "Vumilia, mama." Nikasema haya, sasa nitasema kwa udongo.

Nikafinyanga Fisi. Tumbo la mtungi, uso wa Elia. Sasa picha ya Elia sina, na ningekuwa nayo ningeshaichoma. Mimi nafinyanga kwa kupapasa, alivyonifundisha bibi. Napapasa pua yangu, nahamia kwenye udongo. Napapasa shavu, narudi kwenye udongo. (Hapo mwenye akili angeshtuka. Mimi nilikuwa na hasira.)

Nikamchoma kwa samadi, hakupasuka. Nikapiga vigelegele peke yangu!

Leo gulioni Ikungi nikamfunika kanga, nikamvizia Elia. Huyo anakuja, kaongozana na baba mkwe wake. Nikapaza sauti: "Njooni mumwone Fisi aliyekula shamba la mjane! Sura yake mnaijua!"

Watu wakajaa. Nikavuta kanga.

Bibi mmoja muuza karanga akainama. Akamtazama Fisi. Akanitazama mimi. Akarudi kwa Fisi.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mbona ni wewe huyu?"

Mungu wangu! Pua yangu. Mashavu yangu. Hadi pengo langu la mbele nimemwekea! (Tena pengo nililipapasa vizuri kuliko vyote.) Elia ana meno yote, mshenzi yule.

Watu walicheka hadi mbuzi wakakata kamba. Elia kajishika mbavu: "Shemeji, kumbe umekuja kuungama! Niuzie, nikamweke mlangoni."

Nikamgeuzia Fisi, tumbo mbele.

"Sura ni yangu, sikatai," nikamwambia. "Lakini hebu ligonge hilo tumbo, shemeji. Hilo ni lako. Mimi tangu uanze kulima shamba langu, tumbo la hivyo nitalitoa wapi?"

Kicheko kikageuka upande wake. Baba mkwe peke yake hakucheka. Akamgeukia: "Shamba gani, Elia?"

Elia akajifanya kuna mtu anamwita kule kwenye ng'ombe. Akaondoka haraka, mzee nyuma yake na fimbo.

Fisi sikumuuza. Nimerudi naye, nimemweka mlangoni kwangu, na pengo lake.

Haya chekeni, sijamkataza mtu. Ila mkimaliza, mkikutana na Elia njiani, msimsalimie kwanza. Muulizeni: shamba gani?