Kigelegele Ndani ya Somo la Katarina

Jumatatu, 9 Juni 2025

Katarina anafundisha nchi nzima akiwa amekaa kwenye kochi langu! Hata shikamoo yake sijaiitikia vizuri. Mwanangu amefika hapa Isevya, Tabora, jana na kompyuta, maana chumba alichopanga karibu na chuo kimepakana na fundi wa kuchomelea mageti. Anarekodi somo la mtandaoni: wapagazi wa Unyamwezi na njia ya misafara. Hata mwanafunzi aliyeko Mtwara atalisikiliza.

Lakini kwanza lipite kwa watu wa chuo wanaopima ubora. Sauti, picha, maelezo kama yanaeleweka. Likikataliwa mara mbili, kozi anapewa mwingine, na mkataba wake unaisha mwezi huu.

Wapimaji! Mimi nimemzaa, nimemlea, nimemsomesha. Wao wana nini cha kumpima?

Levina wa nyumba ya pili hakukawia kuja. Kasema somo la mwanawe Festo, wa chuo hichohicho, lilipita bila swali. Nikaomba kuliona. Festo anasoma maneno yaliyoandikwa kwenye kioo, neno kwa neno, kama vile sisi wengine macho tumeyasahau sokoni. Nikamwambia Levina kijana amenenepa.

Jumatano, 11 Juni

Leo kurekodi. Kuku nimewafungia. Muuza mkaa nimemfukuza. Wifi yangu Agnetha nimemwambia akikohoa ahame. Mimi nyuma ya pazia, kimya kama mtawa.

Katarina akafika pale anaposema bila mabega ya Wanyamwezi hakuna pembe ya ndovu ambayo ingeiona pwani. Ulimi ukaenda wenyewe. Kigelegele. Agnetha akakidaka. Nikamkumbusha Katarina, kwa sauti ya chini kabisa, amtaje babu wa mama yangu, aliyetangulia mbele ya msafara na ngoma. (Kwamba alikuwa mpishi ni maneno ya ukweni.)

Alipomaliza akaniomba kwa adabu nikakae kwa jirani. Yaani kwa Levina. Nikaenda uani. Akarekodi upya.

Mtandao ukakatika, naye anasubiriwa kwenye kwaya. Akaniachia kompyuta, akaniomba mtandao ukirudi nibonyeze ile rekodi ya pili iende chuoni. Akanionyesha, akanionyesha tena, kana kwamba darasa la saba nililimalizia jikoni.

Nimezisikiliza zote. Ya pili imepooza kama uji wa jana. Msafara gani uliwahi kuingia Tabora kimya? Nimebonyeza ya kwanza. Mtoto hajui uzuri wake, ndiyo maana Mungu akamwekea mama.

Ijumaa, 13 Juni

Somo limerudishwa. Eti kuna kelele zisizohusiana na mada. Watu wanaopitisha usingizi wa Festo ndio wanaokijua kinachohusiana! Wameandika pia kwamba msemaji wa pili hakutambulishwa.

Katarina hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alikaa kitandani, kompyuta mapajani, akaniuliza tu kama hakusema ile ya pili. Nikamwambia alisema. Akaenda kunawa uso, akakaa huko muda mrefu. Amebakiwa na nafasi moja. Ikiharibika, arudi nyumbani na mabegi yake.

Nikamchinjia jogoo. Hakumaliza hata paja.

Levina akaja kutoa pole, meno yote nje. Akauliza somo lijalo litakuwa na keki au ni muziki tu. Nikamjibu la Festo tutalipeleka zahanati, wagonjwa wapate kulala. Agnetha alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumatatu, 16 Juni

Katarina aliondoka juzi asubuhi na mapema, hakusema anakwenda wapi. Mama haaminiki siku hizi. Nikampigia mdogo wangu Siwema kule Usoke. Nikamuulizia tumbaku, nikamuulizia mvua, mpaka likamtoka: Katarina yuko kwake, atarekodi Jumamosi, pametulia sana. Akaniomba nijifanye sijui. Nikamwambia sijui.

Nimekaa nikalitafuta kosa langu, kwa sababu mimi si mtu wa kiburi. Nimelipata. Kosa si kigelegele. Kosa ni kwamba sikutambulishwa! Wameandika wenyewe. Msomi akikuuliza wewe nani, adabu ni kumjibu. Basi nitajitambulisha mwanzoni kabisa: jina, ukoo, na yule babu. Kisha Agnetha. Kisha wanajumuiya wetu, mmoja mmoja, asije mtu akaitwa kelele tena. Mzee Ngollo anakuja na ngoma, ili vigelegele vihusiane na mada.

Levina naye nimemwalika, akasikie somo linavyotakiwa kuwa. Amekubali haraka mno, lakini wivu humtembeza mtu.

Katarina hatujamwambia. Atafurahi mpaka alie. Anayejiita ndugu, rafiki au jirani, na mwenye sauti nzuri, asikose: Usoke, kwa Siwema, Jumamosi.