Taa Nyekundu na Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni
Taa nyekundu imewaka kwenye dashibodi. Ina umbo la birika linalodondosha tone. Mke wangu anasema nilipeleke gari kwa fundi. Nimemweleza kwamba gari linatembea, na kinachotembea hakiumwi. Alhamisi nampeleka mama mkwe hospitali akatolewe mtoto wa jicho. Shemeji yangu, yule tunayemwita Spana, alijitolea kumpeleka, lakini mimi nilijitolea kwanza, mbele ya ukoo mzima. Nikirudi nyuma sasa, nitakuwa kitoweo chake mwaka mzima. Taa itazimika yenyewe.

Jumanne, 10 Juni
Haijazimika. Nimeliwasha gari mara tatu, mara ya mwisho kwa upole. Spana akapita, akaegemea dirishani. Nikawahi kuifunika taa kwa kofia. Akauliza kofia inafanya nini pale. Nikasema inakauka. Akauliza kama nimepima oili. Nikasema napima kila siku. (Hata inapimwa wapi sijui.) Nimefungua kitabu cha gari. Maandishi siyaelewi, ila kuna mchoro wa mtu amesimama mbali na gari, ameshika kichwa. Nimekifunga.

Jumatano, 11 Juni
Ufumbuzi. Nimekata utepe mweusi wa umeme, ukubwa wa ukucha, nikaubandika juu ya taa. Kazi safi, huwezi kujua. Nikaenda kwa mteja, mwenye duka la magodoro, kumuuzia bima ya moto. Nilimwambia hasara kubwa huanza na ishara ndogo watu wanazozipuuza. Akasaini palepale. Kurudi, injini imeanza kugonga, ko-ko-ko. Nimeongeza sauti ya redio.

Alhamisi, 12 Juni
Mama mkwe akauliza nini kinagonga. Nikasema barabara mbovu. Akasema macho yake ndiyo mabovu, ila makalio yake yanaijua lami. Tulifika. Upasuaji umekwenda vizuri, amelazwa hadi kesho. Nimempigia Spana kumwambia tumefika salama. Hakuuliza, lakini nilitaka ajue.

Ijumaa, 13 Juni
Daktari amemfungua bendeji. Mama mkwe analia kwa furaha, anaona kila kitu. Ameona mvi zangu. Ameona doa la chai kwenye shati langu. Tukiwa njiani kurudi, akaikodolea dashibodi.

"Mwanangu, hiki cheusi ni nini?"

Nikasema ni pambo. Akalibandua kwa ukucha. Nyekundu ikamulika uso wake wote. Akauliza hii nayo ni pambo gani. Injini ikatoa mlio kama sufuria iliyoanguka, ikanyamaza. Tulikuwa katikati ya mzunguko wa barabara, magari yanatupigia honi pande zote. Nilimwona mama mkwe ameukumbatia mkoba wake, na hapo ndipo moyo wangu nao ulipozima kidogo. Angeumia, ningemwambia nini mke wangu?

Mama akampigia Spana mwenyewe. Alifika upesi, kamba tayari mkononi. Mama akahamia kwake. Mimi nikavutwa nyuma yao hadi gereji, nimeshika usukani, naangalia visogo viwili vikicheka.

Fundi akavuta kijiti cha kupimia oili. Kikavu kama mfupa. Akauliza taa iliwaka lini. Nikasema leo.

"Leo ndiyo nimebandua utepe wake mimi," mama mkwe akasema.

Ikabidi nikiri ni Jumatatu. Fundi akasema siku ile ingetosha lita moja ya oili. Sasa injini imekufa. Akanikumbusha kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamwambia mimi nilikuwa nimeziba.

Jumamosi, 14 Juni
Kikao cha ukoo. Spana amesimulia, na kila akisimulia, kamba inazidi kuwa ndefu. Mama mkwe amenitetea. Amesema nilikuwa na nia njema, na kliniki ijayo atakwenda kwa miguu. Mke wangu ameniuliza kwa sauti ya chini nimejifunza nini. Nikamwambia utepe ule ulikuwa hafifu mno, ukucha tu umeubandua. Hajasema nami tangu hapo.

Jumapili, 15 Juni
Tumepatana. Jino la chini, upande wa kushoto, limeanza kuuma tangu asubuhi, na shavu limejaa kidogo. Mke wangu anasema nikamwone daktari kesho mapema. Sioni haraka ya nini. Nimeanza kutafunia kulia, na mpaka sasa sisikii chochote.