Warithi wa Ushujaa wa Jiji la Kittridge

Jiji la Kittridge, katika jimbo la Pennsylvania, lilitangaza kwa furaha kubwa kwamba tatizo la upungufu wa mashujaa limekwisha. Tangazo lilibandikwa kwenye kila nguzo, na nguzo zilizoanguka zikabandikwa vilevile, kwa kulaza. Meya Whitcomb Dreyer wa Tatu alieleza kwamba mashujaa wa zamani wamestaafu na kuhamia Florida kwa ajili ya magoti yao, lakini watoto wao wamebaki, na damu ni ileile. Kwa hiyo kuanzia Alhamisi saa sita mchana, kila mtoto wa shujaa atakuwa shujaa, atake asitake, aweze asiweze. Suala la kuweza lilijadiliwa na kamati kwa dakika nne, likaonekana halina uzito.

Sheria ilikuwa na vifungu kumi na viwili. Cha nne kilisema kwamba mtu asiye na damu ya kishujaa haruhusiwi kumwokoa yeyote ndani ya mipaka ya jiji. Cha saba kilisema kwamba shujaa haruhusiwi kufanya kazi nyingine yoyote.

Hicho cha saba ndicho kilichomchoma Darla Hruska.

Darla alikuwa na miaka ishirini na sita, na kazi yake ilikuwa kuendesha gari la kusukuma theluji, nambari tisa, breki zake zikilia kama mbuzi. Aliipenda kazi ile kuliko alivyowahi kumpenda mwanamume yeyote, na wanaume wawili walikwisha kumwambia hivyo. Alijua kila shimo la njia yake. Alijua ni mlango gani una mgonjwa ndani, na alikuwa akipunguza mwendo hapo ili asimrundikie theluji kizingitini. Mama yake alikuwa Kimondo, yule aliyewahi kuirudisha treni relini kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeshika pochi. Darla naye alirithi kuruka. Aliruka mpaka usawa wa goti, wala si goti la mtu mrefu, na mwendo wake hewani ulikuwa wa mtu anayetafuta kiatu gizani.

Alhamisi mchana aliitwa kwa Msajili wa Warithi, Bwana Norbert Fiske. Fiske alikuwa mtu mwaminifu ambaye katika miaka thelathini ya utumishi hakuwahi kuvunja sheria hata moja, wala kuuliza inahusu nini. Darla alimweleza kwamba yeye hawezi kumwokoa hata paka.

"Fomu haiulizi kuweza, binti," Fiske alisema. "Inauliza mama yako ni nani."

"Na theluji ataisukuma nani? Redio inasema usiku huu zinashuka futi mbili."

"Nafasi ya dereva itatangazwa katika robo ijayo ya mwaka. Funguo, tafadhali."

Darla alizitia funguo ndani ya bahasha. Fiske akailamba, akaifunga, akaandika juu yake: Chuma, vipande viwili. Kisha akampa joho jekundu lililoshonwa kwa vipimo vya mama yake. Darla aliporuka kulijaribu, joho lilifagia sakafu yote ya ofisi, na Fiske akaandika kwenye fomu kwamba mrithi ameonyesha dalili nzuri.

Warithi wenzake walikuwa wawili. Clement Bragg, mwana wa Nyundo, alikuwa na nguvu zote za baba yake, ila zilimjia pale tu mtu alipomwomba kwa heshima ya kweli. Mama yake alimlea hivyo. Roswell Tanner, mwana wa Jicho la Tatu, alisoma mawazo ya watu, lakini yale ya chakula tu.

"Wewe unataka pierogi, zile sambusa za viazi za kuchemsha," alimwambia Darla walipokutana koridoni, "na una hasira."

"Hasira umeisomaje?"

"Hiyo nimeiona usoni."

Theluji ilishuka usiku kucha kama ilivyoahidiwa. Asubuhi ya Ijumaa njia zote za jiji zilisukumwa, isipokuwa ya gari nambari tisa, na njia ya gari nambari tisa ndiyo inayopita mbele ya ofisi ya meya. Saa saba mchana Mheshimiwa alikuja kuwaapisha warithi, akazunguka mara nne kwa gari lake lenye minyororo magurudumuni asipate pa kuegesha. Nafasi ilikuwa moja tu. Ilikuwa safi mpaka lami inaonekana, na katikati yake kimesimama kiti cha jikoni.

Hapa Kittridge, mtu akiichimba nafasi kwa koleo lake na kuweka kiti, nafasi ni yake mpaka theluji iyeyuke. Polisi wanakiheshimu kiti. Wezi wanakiheshimu. Kuna mwaka majambazi walivamia benki wakafanikiwa vizuri kabisa, wakaja kukamatwa mtaani kwao wakizunguka na gari, kwa sababu kila nafasi ilikuwa na kiti. Nafasi hii ilikuwa ya Bibi Sobczak, mwenye miaka sabini na minane, aliyeichimba kwa saa tatu kwa ajili ya dada yake anayekuja kila Ijumaa kucheza karata.

Meya alishuka, akakichukua kiti, akakitupa kwenye lundo la theluji, akaegesha. Kisha akabaki ndani ya gari, amefumba macho, akiifanyia mazoezi hotuba yake.

Kilichofuata hakina shahidi. Ripoti rasmi inasema "maji yalifika," na inakadiria ndoo arobaini. Wakazi wote wa mtaa walioulizwa walisema walikuwa ndani wakitazama televisheni, na kila mmoja alitaja kipindi chake bila kusita, wakiwemo wale ambao glavu zao zilikuwa zinatiririka. Baridi ilikuwa ile ya kugandisha mate. Meya alipofika kwenye aya ya urithi wetu mtukufu, milango ya gari ilikuwa imeshakuwa jiwe.

Zimamoto walifika kwa miguu na vifaa vyao, maana upepo ulikuwa umeirundika theluji mpaka kiunoni na magari hayakupita tena. Kapteni wao, mwanamke mpana mwenye sauti ya upole, alikibandika kifungu cha nne kwenye kioo ili meya akisome, akamwonyesha kwa kidole sahihi ya Mheshimiwa iliyo chini. Halafu yeye na watu wake wakasimama kando wakinywa kahawa kwa huzuni.

Warithi wakaitwa. Darla alifika wa kwanza, akielea juu ya theluji, wakati wenzake wamezama mpaka kiunoni. Juu ya gari la meya kulikuwa na kipaza sauti cha kutumia kwenye gwaride, kwa hiyo mtaa mzima ulisikia.

"Wewe, Kimondo. Njoo juu uvunje barafu ya paa."

"Mimi ni Darla, Mheshimiwa. Na juu ndiyo hapa nilipo."

Clement akalikumbatia bampa, akavuta. Kilicholia ni mgongo wake. Akaeleza kwa aibu kwamba lazima aombwe, tena kwa moyo.

"Nakuamuru kwa moyo wangu wote," meya alisema.

Gari halikusogea.

"Tafadhali, mpumbavu wewe."

Gari lilitikisika kwenye neno la kwanza, likatulia kwenye la pili.

Roswell naye aliweka paji la uso kwenye kioo, akatangaza kwamba Mheshimiwa anafikiria supu ya nyanya. Baada ya nusu saa akatangaza kwamba sasa anafikiria mkanda wake wa ngozi. Watu wakaguna kwa huruma. Bibi Sobczak, ambaye alikuwa amekaa juu ya kiti chake kando ya barabara, aliuliza kama anautaka na kitunguu au bila.

Darla aliona midomo ya meya inaanza kuwa ya buluu. Akamgeukia Fiske, aliyesimama chini ya mwavuli na ile bahasha mfukoni.

"Gari langu liko gereji, dakika tano kutoka hapa. Nipe funguo."

Fiske alisema kwa masikitiko ya dhati kwamba shujaa akishika usukani atakuwa amefanya kazi nyingine. Kama sheria ingekuwa tofauti, angempa sasa hivi. Na upo utaratibu: katika dharura ya theluji, neno la meya ni sheria papo hapo, mradi msajili ameliandika. Akatoa kalamu. Wino ulikuwa umeganda, akaitia kinywani kuipasha moto.

"Nafuta sheria," kipaza sauti kilisema.

"Ikifutwa lazima iwepo ya kushika nafasi yake, Mheshimiwa."

Meno ya meya yalisikika yakigongana mtaa mzima.

"Andika. Kazi apewe anayeiweza, mzazi wake awe nani awe."

"Kazi gani, Mheshimiwa?"

"Zote."

"Zote za jiji? Nisije nikakosea."

"Fiske, siisikii miguu yangu. Zote. Jamani, nawaomba. Nawaomba sana."

Gari liliinuka. Clement, ambaye alikuwa bado ameegemea bampa akijifuta kamasi, alijikuta amelibeba juu ya kichwa, meya akiwa ndani, barafu ikipasuka na kudondoka vipande vipande. Tatizo likawa pa kuliweka. Kila upande ilikuwa theluji ya kiunoni, na kwenye nafasi pekee iliyo safi Bibi Sobczak alikuwa amesharudi na kiti chake, amekaa, amekunja mikono.

"Darla," Clement alisema kwa sauti nyembamba, "ukiweza, usichelewe."

Fiske aliitoa bahasha mfukoni, na Darla akaichana. Baada ya dakika chache breki zikasikika zinalia kama mbuzi kwenye kona, na gari nambari tisa likaingia mtaani likiipasua theluji pande mbili. Watu walishangilia kwa namna ambayo hawakuwahi kumshangilia Kimondo. Clement akaliweka gari kwenye lami. Zimamoto, ambao sasa kazi walikuwa wanaiweza kisheria, wakaifungua milango kwa chumvi na maji ya uvuguvugu, na Roswell akaleta supu ya nyanya iliyokuwa tayari.

Jumatatu Bwana Fiske alianza kuitekeleza sheria mpya kwa uaminifu uleule. Aliwapima madereva, wote wakafaulu, Darla kwa alama za juu kabisa. Aliwapima zimamoto. Jumanne alasiri akafika kwenye jalada la meya, ambamo sifa za mwombaji zilijazwa kwa mstari mmoja: mwana wa Dreyer wa Pili. Fiske alitafuta ukurasa wa nyuma, akaukuta mtupu. Akaandika barua ya heshima, akimwomba Mheshimiwa afike Jumatano saa tatu asubuhi kwa mtihani wa uwezo, aje na kalamu mbili.

Meya alipiga simu kueleza kwamba angependa sana kuja, ila kwa jinsi theluji ilivyojaa mtaani kwake, haitawezekana. Fiske aliiandika sababu hiyo, akaisoma kwenye redio ya magari ya jiji.

Jumatano saa moja asubuhi Darla alianza na mtaa wa meya. Aliusukuma mara mbili, akamwaga chumvi mpaka kizingitini, kisha akapiga honi na kumngojea.