Mtende wa Mama Hareb na Bustani ya Hoteli ya Ghadeer

Mheshimiwa Mkuu wa Mtaa wa Sidra. Mheshimiwa Mwakilishi wa Msaidizi wa Makamu wa Mkurugenzi, ambaye ametuma udhuru lakini kiti chake tumekileta. Wahandisi, Wakandarasi, Washauri, na Washauri wa Washauri. Wadau wote wa kivuli. Nawe mwenyeji wetu Mama Hareb, mwenye ua huu na mtende huu tuliokaa chini yake: amani iwe juu yenu nyote kwa kufuata itifaki. Mimi ni Mhandisi Mattar bin Ghanim, Naibu Mkurugenzi Mwandamizi wa Idara ya Usanifu wa Mandhari katika mji wetu wa Ras Sumair, na ni mtu ambaye kwa unyenyekevu mkubwa nimetunukiwa nishani ya unyenyekevu mara mbili. (Makofi, ya wale waliokuja na gari la Idara.)

Kabla sijaingia kwenye mada, nawaomba mshuhudie kwamba Mama Hareb amenimiminia kahawa, nami nimekiweka kikombe chini, hapa kwenye mkeka, sijakigusa. Mila yetu mnaijua. Mgeni anayekunywa kahawa hana haja; asiyekunywa anayo, na mwenyeji mwenye heshima zake hawezi kumwacha aondoke nayo. Haja yangu ni ndogo tu: naomba mtende huu. Winchi iko nje, injini inanguruma. (Minong'ono. Mzee Dalmuk, jirani: "Aa! Huyu kaja na mtego!" Mama Hareb: "Mwache aseme, Dalmuk. Mgeni hakatizwi.")

Ahsante, mama. Kama mnavyofahamu, na kama hamfahamu basi fahamuni sasa, kwa miaka mitatu Idara yangu imekuwa katika mchakato wa kutekeleza utekelezaji wa bustani ya Hoteli ya Ghadeer, ile iliyo nyuma ya uzio wenye picha kule njia panda, bustani ambayo kwa mujibu wa upembuzi yakinifu uliofanywa na mimi na kuhakikiwa na mimi, ina mitende elfu nne, chemchemi sitini na mbili, maporomoko ya maji yanayoporomoka kwenda juu, nyasi za kukatwa moja moja kwa mkasi, na mashine za ukungu zitakazomfanya mgeni aliyekimbia mvua kwao Ulaya aikute huku inamsubiri mlangoni. (Makofi. Sauti ya mwanamke: "Na sisi tutaingia?") Swali zuri sana, dada. Mtaingia kimkakati. ("Ndiyo nini hiyo?") Maana yake mtaendelea kuiona kwenye uzio, kwa nje, bila usumbufu wa kuingia. (Kicheko. Mheshimiwa Mattar anadhani ni cha kumpongeza, anainama.)

Takwimu haziongopi. Joto la mtaa huu litashuka kwa asilimia arobaini. Furaha ya wakazi itapanda kwa asilimia mia moja na kumi na mbili, na hizo kumi na mbili za ziada zitahifadhiwa ofisini kwangu kwa matumizi ya dharura. Sasa Alhamisi hii ujumbe mzito kutoka Ikulu ya Mtawala unakuja kukagua bustani, na wakubwa wale, wakishakagua, kwa jua hili la mwezi wa nane, watataka kukaa kivulini. Kitaalamu, mtende wa Mama Hareb una wasifu wa kivuli unaokidhi vigezo vyote. (Mama Hareb: "Mwanangu, mtende huu aliupanda marehemu mume wangu siku aliyozaliwa binti yetu Shamma. Tende zake ndizo nazogawa mtaa mzima. Na ukiung'oa mwezi huu, mti utakufa. Hilo kila mtu analijua." Mzee Dalmuk: "Isipokuwa Naibu Mkurugenzi.")

Mama, sayansi imesonga mbele. Makuti tutayafunga kamba kwa juu kama nywele za bibi harusi, mizizi tutaivika gunia la kisasa, na hata ukifa, kufa kwake kutasimamiwa na wataalamu. (Zomea zomea. Mama Hareb: "Basi, jamani, basi. Kikombe kiko chini. Sijamnyima mgeni miaka sabini, nitaanza leo?") Mmemsikia! Namwona mama anafuta macho, na mimi kama mtaalamu nawaambia hayo ni machozi ya maendeleo.

Kwa hiyo, ndugu wadau, sitarudi nyuma, sitatetereka, hata kama jua ni la saa sita na koo limenikauka, maana mimi ndiye niliyebuni mzunguko wa barabara wenye umbo la mzunguko, mimi ndiye niliyeipaka rangi ya kijani nyasi ya bandari ilipokataa kuwa kijani yenyewe, na mimi ndiye, samahani kidogo, (Mheshimiwa anainua kikombe, anakunywa mpaka tone la mwisho, anapangusa masharubu) mimi ndiye nitakaye... (Ua mzima unalipuka: "Kanywa! Wallahi kanywa!")

Nani kanywa? Waheshimiwa, tutofautishe kunywa na kulowanisha koo kiutawala! (Mama Hareb anasimama na birika: "Umekunywa kahawa yangu, mwanangu. Basi huna haja. Nikuongezee?" Vigelegele. Nje, injini ya winchi inazimwa.) Dereva, washa! Mama, nihurumie, hunielewi. Mtende wako hauendi kuongezwa kwenye ile elfu nne. Mtende wako ndio hiyo elfu nne! Niliupiga picha siku ile nilipokuja kwenye matanga ya marehemu mumeo, kompyuta ikauzidisha. (Mzee Dalmuk: "Nilisema mimi! Kila mtende pale kwenye uzio una kamba ya nguo na kanzu ya marehemu!")

Naona muda umetutupa mkono. Kijani kwanza! Kivuli kwa wote! (Mama Hareb: "Kaa, baba, utaanguka.") Ras Sumair, juu! Juu zaidi! Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mkandarasi wa uzio, ambaye peke yake alijenga kitu. Na kwa namna ya pekee namshukuru Sher Zaman, yule pale nyuma mwenye mpira wa maji begani, mtunza bustani mkuu wetu aliyetoka Peshawar miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo hakuna hata mche mmoja uliomfia mkononi. (Sher Zaman: "Mheshimiwa, sijapewa hata mmoja. Kila asubuhi namwagilia mchanga, kama ulivyoniagiza.")

Na unaumwagilia vizuri, ndugu yangu. Vizuri sana. (Mama Hareb: "Sher, njoo hapa, mwanangu. Unaona chipukizi hili shinani? Baridi ikiingia uje na jembe, ulichukue. Miaka mitatu mtunza bustani hana hata mti, jamani!" Sher Zaman anapiga magoti, analigusa kwa kidole kimoja, kisha anaanza kulimwagilia hapo hapo.)

Waheshimiwa, naomba mwandishi wa kikao aandike: bustani ya Hoteli ya Ghadeer imeanza leo, saa sita na robo mchana, chini ya usimamizi wangu. Asanteni kwa kunisikiliza.