Baba Mkwe, Binti Yako Ananilaza kwenye Hema

Pasiansi, Mwanza
8 Septemba, 1996

Kwa Baba Mkwe, Mzee Masalu,
Kisesa.

YAH: BINTI YAKO DOROTEA KUNITEMBEZA

Shikamoo Baba. Mimi mkweo Elias Shimba ni mzima wa afya, isipokuwa magoti, ambayo nitayaeleza mahali pake. Natumaini hapo Kisesa ng'ombe, mahindi na Mama hawajambo.

Baba, nakuandikia kwa heshima zote na kwa masikitiko. Tangu nimwoe binti yako sijawahi kukuletea shauri lolote. Lakini sasa tumefika mahali ambapo mwanamume akiendelea kunyamaza atakutwa amekufia juu ya mlima. Naomba unisikilize hoja kwa hoja.

1. Chanzo. Unajua kwamba mwaka jana nilipunguzwa kazi, baada ya wanunuzi binafsi wa pamba kuingia na ofisi yetu kubaki na mafeni tu. Tangu hapo nilikuwa nimetulia nyumbani. Kiti changu kiko barazani. Nilikaa hapo kuanzia chai ya asubuhi hadi taarifa ya habari ya usiku, simsumbui mtu, sisemi neno. Nikuulize, Baba: ni mke gani mwingine hapa Pasiansi anayejua mumewe alipo saa zote?

Dorotea yeye alianza kuuza mitumba pale Kirumba. Siku moja akafungua belo aliloambiwa ni la mapazia, akakuta hema. Hema la Kizungu, la kijani, lenye zipu na fito za chuma, pamoja na viatu vya kupandia milima, vyake na vyangu. Mfanyabiashara mwenye akili timamu angeviuza. Binti yako alivileta nyumbani akasema, "Baba Precious, hivi vimetutafuta sisi."

2. Kunizika nikiwa hai. Alitaka tulale kwanza uani, kwa mazoezi. Nilikataa kabisa. Tukalala. Sasa Baba, unajua kwamba hapa mjini turubai likionekana uani maana yake ni moja tu. Asubuhi jirani yetu Bernadeta alichungulia juu ya ua, akaliona lile hema, akaona na kiti changu kitupu, akapiga yowe lililofika Kirumba. Nilipozinduka nikasikia watu wanalia. Mmoja alisema nilikuwa mtu mpole. Mwingine akasema, "Mimi nilijua tu. Ile kazi ndiyo imemwua."

Nikafungua zipu nikatoa kichwa, niulize nani amefariki. Waliokuwa wamekaa karibu walitawanyika kama kuku, na Bernadeta aliacha kiatu ambacho mpaka leo hajakifuata. Unga walioleta, Dorotea aliurudisha wote nyumba kwa nyumba. Mimi nilishauri tubaki nao. Sikusikilizwa.

3. Kunilisha rushwa. Baada ya hapo akanivusha kwa meli hadi Nansio, tukatembea tukasimika hema ufukweni kwenye mwalo mmoja wa wavuvi. Nilikuwa nimevaa suruali ya ofisi na tai, maana mtu akisafiri huvaa. Wavuvi walipoona hema la kijani na tai, wakajua maafisa uvuvi wamekuja kukamata makokoro, zile nyavu zilizopigwa marufuku. Nyavu zote zilipotea ufukweni kabla sijamaliza kufunga kamba. Kiongozi wao, bwana mmoja anaitwa Ogweno, akaja na sato wawili, akainama. "Mheshimiwa," akasema, "hapa hakuna kokoro. Hata jina lake sisi tunalisikia kwenye redio."

Dorotea akamwambia, "Kaka yangu, sisi tumekuja kutembea tu."

Ogweno akacheka kama mtu aliyeelewa, akaondoka, akarudi na sangara anayebebwa na watu wawili. Binti yako alivyozidi kusema kweli ndivyo samaki walivyozidi kuja. Tulikula hadi nikashindwa kuinama kuingia hemani. Baba, nimeutumikia umma maisha yangu yote bila kula rushwa. Nimekuja kuila wakati sina hata ofisi.

4. Hii sasa ndiyo kubwa. Mwezi wa saba mteja wake mmoja alimwambia kwamba huko Umasaini kuna mlima unaotoa moshi, na chini yake kuna ziwa lenye ndege wekundu. Mtu mwingine akisikia mlima unawaka huelekea upande wa pili. Sisi tulipanda basi linalokata Serengeti, tukashuka Mto wa Mbu, tukadandia lori la mahindi hadi Ziwa Natron, mimi nikiwa juu ya magunia na tai yangu.

Baba, mlima ule haukuwekwa kwa ajili ya watu. Ni majivu na mawe, umesimama kama ukuta, na huko juu unapumua. Dorotea aliupanda akiimba nyimbo za kwaya. Mimi nilipofika karibu na nusu nikatazama chini, jambo ambalo nilikuwa nimekatazwa. Niliteleza, samahani Baba, kwa makalio, sehemu kubwa ya njia tuliyopanda, na suruali ya ofisi ikabaki mlimani vipande vipande. Magoti niliyoyataja yanaanzia hapo. Dorotea alinifuata mbio akipiga kelele kuniuliza kama niko hai. Nilimjibu kwamba suala hilo litajadiliwa Kisesa. Akanifunga kitenge chake.

5. Lile ziwa lenyewe ni magadi. Magadi, Baba! Yale yale ya kulainishia maharage, yanayouzwa sokoni Kirumba kwa kijiko. Ndege wekundu walikuwepo, hilo silikatai, wengi mno hata maji hayaonekani, na waliporuka wote kwa pamoja nilisahau magoti kwa muda. Lakini mtu hawezi kulisha familia kwa kitu kama hicho.

6. Kunichekesha mbele ya wageni. Tukiwa katika hali hiyo tulifika kwenye boma la mzee anayeitwa Lemburis. Kitenge hakikumshangaza. Alisema mimi ni Msukuma wa kwanza kumwona akiwa amevaa vizuri. Kisha akauliza, "Ng'ombe wenu waliopotea ni wangapi?"

Nikamwambia hatujapoteza ng'ombe.

"Msukuma hawezi kufika hapa kwa miguu kama hajapoteza ng'ombe," akasema. "Usiogope. Si sisi tuliowachukua. Safari hii si sisi."

Dorotea akamweleza kuwa tumekuja kutazama ziwa. Mzee akalitazama ziwa, akanitazama na mimi, akawatuma morani wake porini. Jioni walirudi wakiswaga mtamba mwekundu, mnene, mzuri kweli. "Mmoja huyu," akasema Mzee. "Wengine watapatikana."

Nikasema huyo si wangu. Mzee akamsogelea Dorotea, akamwuliza kwa sauti ya chini, lakini nilisikia: "Mama, mume wako ameanza lini kukataa ng'ombe?"

Dorotea akamjibu, "Tangu walipomtoa kazini, Mzee. Anakataa kila kitu."

Basi Lemburis akaagiza kibuyu cha maziwa, akakaa kando yangu, akanishika mkono kama mtu anayekaa na mgonjwa mahututi. Hapo ndipo nilipocheka. Kwanza nilidhani ni kikohozi. Nikakumbuka nilivyoteleza, nikakumbuka na yule Ogweno na sangara wake, kicheko kikazidi hadi nikaanguka na kibuyu, na morani nao wakaanza. Binti yako hakucheka. Alikuwa ananitazama tu huku machozi yanamtoka, akasema, "Baba Precious, kumbe bado upo."

Nakuachia wewe, Baba, upime kama hayo ni maneno ya kumwambia mume mbele ya ng'ombe wa watu.

7. Kiti. Tangu turudi siwezi kukikalia. Nikikaa barazani miguu inacheza. Majirani wanakuja kuniuliza habari za ule mlima, nami nawaeleza, na ninapowaeleza nasimama na kuonyesha kwa mikono, mara adhuhuri imefika. Usiku nalala usingizi mzito kama mtoto. Utulivu wangu wote wa mwaka mzima umeharibika.

Kwa sababu hizo, naomba kwa unyenyekevu uitishe kikao cha ukoo Jumamosi ijayo, Dorotea akatazwe kutoka nje ya Mwanza, na hema lije kukaa ghalani kwako. Akikaidi, sitakuwa na njia nyingine ila kumfuata kila aendako, maana lile hema mtu mmoja hawezi kulikunja.

Nisalimie Mama, mwambie viazi vilifika na vilikuwa vitamu. Nisalimie shemeji Selina na wanawe, majirani wa upande wa kisimani, mchungaji na kwaya yake, na yeyote atakayekusomea barua hii, ambaye namwomba asicheke.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Elias Shimba

Baada ya sahihi: Baba, kikao kisiwe Jumamosi ijayo. Wala ile inayofuata. Jana nimeongea na dereva mmoja wa Mbeya, anasema kwao kuna mlima ambao moto wake ulizimika zamani, na ndani ya shimo lake limejaa ziwa la kijani, na kulifikia unapita kwenye msitu wenye baridi kali. Nimeshakata tiketi za treni, yangu na yake. Dorotea hajui lolote. Anadhani nimejifungia ndani nakuandikia barua ya kumshtaki. Tafadhali mwache aendelee kudhani hivyo.