Vichwa vyote vya mtaa wetu

Jumatatu, 9 Novemba 1992

Sura ya nne ya riwaya yangu imekamilika! Nimempelekea jirani yangu Dominique, mwalimu wa Kifaransa, msomaji wangu wa pekee. Amesoma polepole, kalamu nyekundu mkononi. Kasema nimeanza ndani ya kichwa cha mwuza mikate, nikarukia cha mkewe, kisha cha polisi, kisha cha mbuzi, yote katika ukurasa mmoja. Nichague mtu mmoja, nikae naye, nione anachokiona yeye tu. Eti naingia vichwani mwa watu bila kupiga hodi.

Nimeumia. Mbuzi yule amenichosha wiki nzima.

Dominique mwenyewe hakuwa na raha. Kwenye mikutano ya siasa wanasema Wakasai kama yeye warudi kwao. Kwao wapi? Amezaliwa hapa hapa Katuba, katika nyumba aliyoijenga baba yake.

Jumatano, 11 Novemba

Wamekuja asubuhi. Vijana wenye fimbo, na mbele yao Zéphirin, mwenye mashine ya kusaga mahindi pale kwenye kona. Nilikuwa dirishani, nyuma ya pazia. Nimemwona akiwaonyesha mlango wa Dominique. Wakatupa nje magodoro, sufuria, vitabu. Mado, mke wa Dominique, alisimama na mtoto mgongoni.

Sikutoka. Mtu mmoja angefanya nini? Germaine, mke wangu, alitoka, akamsaidia Mado kufunga matandiko. Mimi nikaandika mbiombio. Habari tamu kwa mwandishi, Mungu anisamehe.

Zéphirin ametia kufuli lake mlangoni. Anatangaza kwamba Dominique amemwuzia nyumba. Mwongo!

Ijumaa, 13 Novemba

Nimekwenda gare, huko stesheni. Watu wamejaa mpaka kwenye reli, wanangojea treni ya Kasai, na mvua inawanyeshea. Nimemkuta Dominique chini ya kipande cha hema. Sura ya nne nilikuwa nayo ndani ya koti, isilowe. Hakuigusa.

Kanieleza kwamba kesho chifu wa mtaa atasikiliza habari ya nyumba. Akipatikana shahidi mmoja tu aliyemwona Zéphirin akiwaleta vijana, ufunguo utakaa kwa chifu, na nyumba itawangojea Mado na watoto mpaka amani irudi. Majirani wote wamekataa kwa woga. Akanishika mkono.

"Clément, ndugu yangu, weye ulikuwa ku dirisha. Sema tu byenye uliona. Ata maneno mbili. Usiongeze kintu."

Nililia, kweli. Nikamwahidi.

Njiani nikawaza. Maneno mawili? Mtunzi mzima? Zéphirin atanicheka. Hapana. Nitaandaa ushahidi wa kumliza chifu.

Jumamosi, 14 Novemba

Balaa.

Alianza Zéphirin. Kasema amenunua nyumba, hakuna aliyefukuzwa, basi. Akaketi. Hana ufundi wowote.

Nikasimama na karatasi zangu. Nilianza na Mado, yaliyokuwa moyoni mwake. Nikaingia kwa kijana mwenye fimbo ndefu, aliyemkumbuka marehemu mama yake. Nikapita kwa Zéphirin, nikaeleza wivu wake tangu mashine yake ilipoharibika. Sikumsahau hata mbwa aliyepita njiani. Chifu akanikatiza. Kauliza kama Mado ndiye aliyenieleza mawazo yake. Nikajibu kwamba mtunzi anajua. Na wivu wa Zéphirin, nimeambiwa na nani? Wazee wakacheka. Chifu akauliza tena:

"Na weye mwenyewe ulikuwa wapi?"

Vijana walikuwa wamesimama mlangoni, fimbo mikononi. Zéphirin alinikazia macho. Nikatafuta katika karatasi zangu, na hamkuwa na "mimi" hata mmoja! Nikasema kwamba katika hadithi kama hii msimulizi hana mahali anaposimama, yuko kote. Chifu akasema mtu asiyekuwa mahali hakuona kitu. Ufunguo ukabaki kwa Zéphirin.

Germaine alinitangulia njia nzima. Nyumbani akaniambia neno moja tu.

"Baba Jemima, ulimuona."

Namjua mke wangu. Moyoni anajivunia ufasaha wangu, ila ameona haya kunisifu.

Jumatatu, 16 Novemba

Treni imeondoka. Nilifika watu wakiwa wameshapanda, wengine juu ya mabehewa, pamoja na vyerehani na kuku wao. Nikamwona Dominique. Nikainua mkono. Alinitazama kidogo, kisha akageuka kumfunika mtoto.

Nimerudi nikamkuta mke wa Zéphirin akianika nguo kwenye kamba ya Mado. Kwa Dominique kulikuwa na mlango mmoja niliouzoea kuliko wangu, na sasa siwezi kuubisha. Inauma sana.

Nimekaa, nikaandika sura ya tano. Safari hii nimemtii mwalimu wangu: kichwa kimoja tu, mwanzo mpaka mwisho. Nimechagua cha Dominique.

Inamalizika hivi: "Treni ilipoanza kwenda, alimtazama rafiki yake pale chini, akawaza: katika mtaa mzima, hakuna aliyenitetea kama Clément."

Nimeisoma mara mbili. Sikuongeza kitu.