Achan Anunua Kutu

Karachi ilikuwa na watu waliouza magari, watu walionunua magari, na Achan, aliyesimama katikati yao akiwapunja wote kwa usawa. Hakuwa na duka wala kibao. Mtaji wake ulikuwa kanzu iliyopigwa pasi, nywele zilizotiwa hina, ulimi, na bisibisi ndefu aliyoinoa mpaka ncha ikawa kama sindano ya kushonea magunia.

Ukimletea pikapu kuukuu, alikuwa akiinua mkeka wa sakafuni, anadunga pale palipoliwa na kutu, kisha anaguna kama daktari mwenye habari mbaya. "Kaka, hili limeshakufa. Linatembea kwa heshima yako tu." Mwenye gari anaona aibu, bei inaanguka. Kesho yake Achan anayaziba matundu kwa vipande vya makopo ya samli, juu yake puti, juu ya puti lami, juu ya lami mkeka mpya wa mpira, na pikapu inapata mnunuzi anayeapiwa kwamba haijawahi kuonja maji. Wanunuzi wake wengi walifurahi mpaka mvua ya kwanza. Mmoja alifurahi mpaka mguu wake ulipopenya sakafuni ukaikuta barabara.

Jumanne moja asubuhi Achan alikuwa mtaa wa Lyari, kwenye kibanda cha chai cha Gul Badshah, alipoiona pikapu ya buluu imeegeshwa upande wa pili, na kipande cha boksi kwenye kioo: INAUZWA. Pembeni yake alikaa mwanamke aliyejitanda shali nyeupe, akichambua dengu kwenye sinia. Shali nyeupe, peke yake, na gari la kuuza. Achan alijumlisha, akapata mjane. Akavuka barabara na gilasi mkononi, bila kumaliza chai.

"Asalaam aleikum, dada. Gari la nani hili?"

"La mume wangu," alisema mwanamke, ambaye jina lake lilikuwa Mahganj. "Sasa amepumzika."

"Mungu ampe pumziko jema." Achan aliinamisha kichwa kwa muda unaotosha kukagua tairi mbili.

"Amina. Sikufichi, kaka. Sakafu ina kutu."

Kwa miaka ishirini ya kazi yake, Achan hajawahi kusikia muuzaji akianza na kasoro. Ilikuwa kama kuku kuingia jikoni mwenyewe na kuuliza sufuria iko wapi. Alifungua mlango, akainua mkeka. Kweli, bati lilikuwa jekundu, linamenyuka kama maganda ya kitunguu. Akachomoa bisibisi, akadunga. Ikazama, halafu ikagota kwenye chuma kingine.

Chini ya bati kulikuwa na bati.

Achan alibandua gamba la kutu, akaingiza kidole. Akagusa kitambaa. Ndani ya kitambaa kulikuwa na kitu kizito, cha baridi, ukubwa wa kipande cha sabuni. Akachungulia. Kitambaa kilikuwa cha njano, kimeshonwa pande zote. Akaurudisha mkeka polepole, kama anayemfunika mtoto shuka.

"Alikuwa akifanyia kazi gani gari hili, dada?"

"Alipeleka vitunguu Jiwani, kule mpakani na Iran. Anakwenda limejaa, anarudi tupu."

"Tupu kabisa?"

"Tupu. Lakini siku hizo alirudi na furaha, anaimba mpaka mlangoni."

Mtu wa Karachi hahitaji kuelezwa habari za dhahabu ya magendo inayoshushwa gizani kwenye pwani ile, na Achan alikuwa na hakika kwamba hakuna mwanadamu anayeimbia vitunguu.

"Unataka kiasi gani?"

"Laki sita. Lakini usinijibu leo. Kuna fundi anaweza kuikata hii sakafu yote akaweka bati jipya. Nikimwambia aanze alasiri, anaanza alasiri. Sitaki kumuuzia mtu gari kisha aumie."

"Aikate?" Achan alikohoa ili sauti yake irudi mahali pake. "Dada, kwa nini umtajirishe fundi? Hii ni kutu ya juu juu."

"Bisibisi yako imezama."

"Imezama kwa ukali wa bisibisi. Tena kutu kidogo ni nzuri. Inaonyesha chuma ni cha asili."

Gul Badshah alikuwa amevuka na birika kudai gilasi yake. Alisimama. "Achan, juzi si ulimwambia yule mzee kwamba kutu ni kansa?"

"Ile ilikuwa kutu ya aina nyingine. Nenda kachemshe maziwa."

Mahganj aliendelea kuchambua dengu. "Hapana, kaka. Roho itanisuta. Una watoto?"

"Wawili."

"Ndiyo kabisa siwezi."

Kila mara roho ya Mahganj ilipomsuta, Achan aliongeza bei kuituliza. Kwenye laki saba ilisuta kidogo. Kwenye laki nane ilinung'unika. Kwenye laki tisa ikanyamaza, na Mahganj akaweka sinia chini.

"Ulete pesa leo, kabla ya alasiri. Na tuandikiane. Uandike kwamba nimekwambia sakafu ina kutu, na umeichukua hivyo hivyo na vyote vilivyomo, na hutarudi kudai."

"Na vyote vilivyomo," Achan alirudia taratibu. Tangu azaliwe hajaona maneno matamu kama hayo kwenye hati ya mauzo.

Akiba yake haikutosha. Alikwenda nyumbani, akamwambia mkewe Farkhanda kwamba bangili zake sita zimepoteza mng'ao na sonara rafiki yake atazisafisha bure. Farkhanda alizivua moja moja, akizitazama, kwa sababu zilikuwa za mama yake. Sonara hakuzisafisha. Alizinunua. Kabla ya adhana ya alasiri hati ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa Achan mwenyewe, Gul Badshah ameweka dole gumba kama shahidi, na pikapu ya buluu inaelekea kwa Achan.

Alifunga geti, akachukua mashine ya kukatia chuma. Bati la juu lilitoka kama biskuti. Chini yake, vifurushi kumi na viwili vya njano vilikuwa vimepangwa safu mbili, kila kimoja kimebanwa kwa kikamba cha chuma kilichochomelewa kwenye bati la chini. Mtu mwenye subira angevikata vikamba. Achan alikata bati. Tena akajiuliza, mtu mwenye sakafu mbili atashindwaje kuwa na ya tatu? Akaendelea mpaka akaona saruji ya uani kwake.

Kisha akachana kifurushi cha kwanza kwa meno. Kilikuwa kipande cha risasi, vile vizito wanavyofunga wavuvi ili nyavu zizame. Cha pili risasi. Hakukipendelea hata kimoja. Aliving'ata vyote kumi na viwili.

Alikaa kwenye kiti cha dereva, miguu imekanyaga uani, akafikiri. Halafu akawasha gari, akarudi Lyari, visigino vyake vikining'inia hewani.

Mahganj alikuwa mlangoni. Nyuma yake alisimama bwana mmoja mkubwa, mkate mkononi, alama za mto shavuni.

"Huyu nani?" Achan aliuliza.

"Mume wangu, Dilmurad."

"Ulisema amepumzika."

"Alikuwa amepumzika. Amefanya kazi ya hiyo sakafu siku mbili mfululizo."

"Mmenitapeli."

"Kwa kukwambia nini?" aliuliza Mahganj.

Achan aliyapekua mazungumzo yale yote tangu salamu mpaka dole gumba. Uongo ulikuwamo mwingi, lakini kila aliouokota ulikuwa wake.

"Ya Jiwani je? Anarudi tupu, anaimba?"

"Vitunguu vyangu vikinunuliwa vyote, nilie?" alisema Dilmurad. Akatafuna, akameza. "Sikiliza, bwana. Yule fundi ni mimi. Mwaka huu zimeletwa kwangu sakafu nne ulizoziba wewe kwa makopo ya samli. Ya nne ilikuwa ya binamu yangu Shahdad. Mguu umevunjika mahali pawili, tangu mfungo hajaukanyagia. Laki tatu ulizoongeza zimeshafika hospitali."

Achan alifungua mdomo. Dilmurad akainua mkate kumzuia.

"Na gari bovu sikukupa. Lile bati la juu ni la kutupa, nililiotesha kutu kwa chumvi na siki. Chini nimeweka sakafu mpya. Bati nene, nimechomelea pande zote, nimepaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Ungetoa la juu na ile risasi, ungekuwa na pikapu bora kuliko zote hapa mtaani. Ungeiuza hizo hizo laki tisa bila kumdanganya mtu." Akasogea, akachungulia ndani. "Umeikata?"

"Nimeikata."

"Yote?"

Kupitia ilipokuwa sakafu, Dilmurad aliweza kusoma maandishi kwenye pakiti ya sigara iliyotupwa barabarani.

"Kuweka nyingine ni kiasi gani?" Achan aliuliza mwishowe, kwa sauti ya mteja.

"Foleni ni mpaka baada ya Idi ya kuchinja," alisema Dilmurad.

"Na pesa mbele," alisema Mahganj.

Njiani kurudi nyumbani, bomba la maji taka lilikuwa limepasuka na mtaa mzima umejaa. Magari mengine yalipita bila shida. Maji yalipomfika magotini, Achan aliinua miguu yote miwili kutoka kwenye pedeli, na pikapu ikazimika katikati. Simu ikalia. Ilikuwa ni Farkhanda, anauliza kama bangili zimeng'aa. Kabla hajamjibu, bwana mmoja mwenye tumbo aliikunja suruali, akayapita maji, akagonga kioo.

"Pikapu nzuri hii. Unauza?"

"Nauza," alisema Achan, haraka kwa mazoea.

"Sakafu ikoje?"

Achan alitazama ganda la tikiti likielea taratibu chini ya kiti chake, likatoka upande wa pili. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, alikosa neno.